Mstari wa Kumi na Nne

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo ya mbegu, vijana wa kituo chetu cha utafiti wa mbegu walinifuata wakanitaka niwaandikie kumbukumbu za kazi. Walitaka, kwa maneno yao, "mafanikio na changamoto". Mafanikio yamo kwenye majalada, yana vumbi lakini yamo, na vyeo nilivyopanda havimsaidii mtu kumenya hata punje moja. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na juu ya jambo moja ambalo halimo kwenye jalada lolote. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya kutafuta mpunga unaonukia, mimi mwenyewe sikuwa na uwezo wa kusikia harufu. Si ya mpunga, si ya kitunguu, si ya moshi.

Lilianza utotoni. Baba yangu alikuja Kilosa kwa mkataba wa kukata mkonge, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Nilipokuwa na miaka kama saba nilishikwa na homa iliyonilaza wiki nyingi. Mama akanipeleka Berega kwenye hospitali ya misheni, na huko nikapona kila kitu isipokuwa pua. Mtoto hajui amepoteza nini. Niliona tu kwamba wenzangu walijua mama zao wamepika nini kabla hawajafika uani, wakati mimi sharti nifunue chungu. Nikajifunza kuitikia. Watu wakisema "mh!", nami nasema "mh!".

Niliajiriwa kituoni muda mfupi baada ya Uhuru, nikitokea chuo cha kilimo, nimevaa soksi ndefu na viatu vyeusi nilivyoving'arisha tangu alfajiri. Msimamizi wa majaruba alikuwa Bwana Stefano, Mkaguru wa makamo, mpole, ambaye angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi na asione amepungukiwa. Alitazama viatu vyangu kwanza, halafu uso wangu. "Vua," akasema. Baada ya nusu saa nilikuwa kwenye matope mpaka magotini, nimeinamia suke la mpunga, mgongo ukiniuma kama mzee niliye leo.

Vifaa alivyonipa vilienea kwenye mfuko wa shati: mkasi mdogo wenye ncha kali, kibano, lenzi ya mkononi, mifuko ya karatasi ngumu, penseli. Niliomba kalamu ya wino, kwa sababu msomi huandika kwa wino. "Mvua itaifuta kabla hujasoma," Stefano akanijibu, na akanyamaza mpaka jioni.

Ua la mpunga ni dume na jike katika nyumba moja, na hujioa lenyewe kabla hujamaliza chai ya saa nne. Ukitaka kulioza kwa mpunga mwingine, lazima uliwahi. Jioni ya siku iliyotangulia unakata ncha ya kila punje changa, unaingiza kibano, unatoa vijifuko sita vya chavua bila kuumiza kinachobaki, kisha unalifunika suke zima kwa mfuko. Kesho yake, jua likishapanda kidogo, unaleta suke la baba na kulitikisa juu ya mama taratibu, unafunika tena, unaandika. Ukisahau kijifuko kimoja tu utalea kwa mwaka mzima mtoto wa mama peke yake, ukidhani umefanya kazi. Siku yangu ya kwanza nilihudumia maua thelathini. Yaliyotoa punje yalikuwa mawili, na Stefano akasema mawili si haba.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hivi. Wakulima wa mabonde yetu walikuwa na mpunga wao walioupenda, walioupa jina la Jirani Njoo, kwa kuwa ukiupika nyumba ya tatu watajua. Lakini ulikuwa mrefu. Ukiutilia mbolea unalala chini wote kabla ya kuvunwa, unaota hapo hapo kwenye matope. Wataalamu wakaleta mpunga mfupi kutoka mbali, wenye shina gumu na mazao mengi. Wanawake wa Kilosa wakaupika mara moja, wakaonja, wakauliza kama serikali imetuma chakula cha kuku. Hivyo tulitakiwa tuwaoanishe hao wawili, tupate mfupi kama huyu wa mbali na anayenukia kama huyu wa nyumbani.

Vijana, nyinyi mmesoma haya darasani. Sisi tuliyasoma kwa miguu. Kizazi cha kwanza chote kilitoka kirefu na kisicho na harufu, yaani watoto walichukua ubaya wa wazazi wote wawili bila kubakiza. Ningekata tamaa, lakini Stefano alikuwa ameshaona mengi ya namna hiyo. Alinieleza kwamba ufupi na harufu ni tabia zinazojificha. Mtoto akipata upande mmoja tu hazionekani, mpaka azipokee kwa baba na kwa mama. Zimo, zimekaa kimya. Zitatokea kwa wajukuu, na hapo katika kila mimea kumi na sita, kwa wastani, tutegemee mmoja tu mwenye zote mbili. Ufupi unauona kwa macho. Harufu haionekani.

"Kazi hii inataka mikono miwili na pua," Stefano akaniambia. "Pua unayo?"

"Ninayo," nikajibu.

Hapo ndipo nilipokosea, na mengine yote yalitoka hapo. Niliogopa wangenirudisha, na kazi nilikuwa nimeshaanza kuipenda.

Harufu tuliipima kwa makopo. Unatwanga punje chache za kila mmea, unazitia kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na maji kidogo, unakipanga kikopo kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya muda unafunua, unanusa mara moja, unaandika: ndiyo, au hapana. Ukitilia shaka unatafuna punje moja moja, maana mmea wenye harufu iliyojificha huzaa punje mchanganyiko, nyingine zinanukia, nyingine hapana. Siku ya kwanza nilifunua makopo arobaini na sikuambulia kitu ila mvuke kwenye miwani.

Aliyekuwa akinitwangia ni Bi Mwanahawa, mpepetaji wa kituo, mjane wa Kisanga mwenye umri wa mama yangu. Nikabuni njia ya kiungwana. "Mama, hebu nawe unuse, tulinganishe." Akinusa yeye kwanza na kusema "huu unanukia", mimi nanusa baada yake, nakunja uso kitaalamu, nasema, "Hata mimi nimeona hivyo." Tulikubaliana makopo yote, msimu mzima. Kwa watu wawili wenye pua mbili, hilo peke yake lingetosha kunifichua.

Msimu uliofuata alifunua kopo moja, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. "Lo, huu sasa! Huu unanukia kuliko yote." Nikanusa. Nikasema hata mimi sijawahi kuona kama huu. Akanigeuzia lile kopo. Lilikuwa na maji matupu. Tulitazamana. Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakawaka. Alichukua kopo lililofuata, akanusa, na kuanzia siku hiyo alitamka kila jibu polepole na kwa sauti, akisubiri penseli yangu ifike mwisho wa mstari. Kwenye safu ya mwonjaji niliendelea kuandika jina langu.

Nilidhani tumebaki wawili duniani tunaojua, na nikapanga maisha yangu ili tusizidi hapo. Wenzangu walikula pamoja mchana, kwenye benchi nje ya jiko la kituo, kwa Hamisi mpishi. Mimi nilikula chumbani, kwa sababu penye sinia hapakosi anayesema "leo kuna karafuu" au "nazi imechacha", na mtu anayeitikia kila kitu hatimaye atashikwa. Nikaambiwa ninajiona, kwa kuwa nimesoma. Nikaona heri hilo. Niliwahi kuchumbia, Kimamba, binti wa fundi wa reli. Siku niliyokwenda kumwona alikuwa amejifukiza udi kwa ajili yangu, niliambiwa, tangu asubuhi, nami nikakaa saa mbili nikazungumzia mbolea. Baadaye shangazi yake aliniambia binti alilia, akisema yule mwanamume ni jiwe. Sikwenda kumweleza. Ilinikaa moyoni miaka, na bado.

Kwa hiyo nilipopelekwa kwenye kijishamba cha majaribio upande wa Mikumi, nilikwenda kwa furaha ya mtu anayekimbia. Nilikaa huko misimu mingi kwenye kibanda cha bati pamoja na mlinzi mmoja ambaye alizungumza na redio yake tu. Ndege walishambulia asubuhi na jioni. Tembo alipita kwenye mistari sita na kuuruka wa saba bila sababu niliyoielewa. Kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi yake, nilimwandika kwenye safu ya magonjwa. Makao makuu waliniandikia barua kuuliza dawa gani nimetumia. Kulikuwa na siku nyingi ambazo sauti yangu niliisikia mara moja tu, nikimwitikia mlinzi shikamoo. Upweke wa pale haukuwa mgumu kuliko wa kituoni. Ulikuwa mwepesi, kwa kuwa pale hakukuwa na benchi la watu wanaocheka.

Kila baada ya mavuno nilirudi kituoni na vifurushi vyangu, na Bi Mwanahawa alinisubiri na kinu chake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekonda. Leta tuone umetuzalia nini." Hizo wiki mbili tatu za makopo zilikuwa sikukuu yangu. Alinisimulia habari za kituo chote huku akinusa, nani kaoa, nani kagombana na nani, na katikati ya habari anaingiza "hapana", "hapana", "ndiyo, huu". Kizazi cha pili, cha tatu, cha nne. Mimea mifupi iliyonukia waziwazi ilikuwa na masuke mepesi, tukaiacha mmoja mmoja. Katika kizazi cha tano ukabaki mmea mmoja wa maana: mfupi, imara, suke zito. Bi Mwanahawa akatafuna punje zake moja moja, akizitema kwenye kiganja. "Huu una siri," akasema. "Nyingi kimya, lakini humu ndani zimo zinazonukia."

Nilipanda punje zote za mmea ule. Kati ya watoto wake nilichagua wawili waliofanana na mama kwa umbo, nikawapa kila mmoja mstari wake: wa kumi na nne na wa thelathini na moja. Ndugu wa tumbo moja. Huenda mmoja kachukua harufu yote, huenda wote, huenda hakuna. Wa kujibu alikuwa mmoja tu, na hakuwepo.

Maana mwaka huo ndipo ilipopita operesheni ya vijiji. Stefano alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Berega. Siku nilipotoka Mikumi na mavuno nilikuta kinu cha Bi Mwanahawa kimelazwa ukutani. Ndugu zake wa Kisanga walihamishwa, naye akachukuliwa pamoja nao, lori likawapeleka kwenye kijiji kipya karibu na Dumila, wakapewa viwanja kwenye mstari ulionyooka kuliko majaruba yangu. Hamisi mpishi ndiye aliyenipa habari. "Alikuulizia," akasema. "Alikaa juu ya mizigo akauliza kama basi la Mikumi limeshafika."

Ningemfuata. Lakini kutoka kituoni ilibidi kuomba ruhusa, na kwenye ruhusa kuna sababu ya safari. Niliiandika ile barua mara tatu nikaichana mara tatu. Kumwita mtu mwingine anuse, Hamisi au yeyote, ilikuwa sawa na kusimama kwenye benchi na kutangaza. Nikajiambia nitaipanda mistari yote miwili msimu mmoja zaidi, ipate wingi, huenda yule mama akarudi. Hakurudi. Mvua hizo hizo Stefano akafariki. Nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma kabisa, nikarudi siku ile ile.

Baada ya mavuno mkuu wa kituo aliniita. Alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye haraka, kwani naye alikuwa anaharakishwa. Vijiji vipya vilitaka mbegu, na mashamba ya ujamaa yalikuwa yameshalimwa.

"Mistari miwili yote ni mizuri," akasema. "Sina nafasi ya kuzalisha miwili. Upi unanukia?"

Wa thelathini na moja ulikuwa umetoa mazao zaidi, si sana, lakini zaidi. Nilitamani uwe huo. Nilitamani mpaka nikaona kama najua.

"Thelathini na moja," nikasema.

Akanisogezea fomu. Kwenye safu ya harufu niliandika "ndiyo" kwa thelathini na moja na "hapana" kwa kumi na nne, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Ilikuwa kanuni ya Stefano, na mimi ndiye niliyewakaririsha nyinyi wote, kwamba hata mstari ulioukataa unauwekea akiba, kopo moja, miaka miwili. Mwaka huo sikuweka. Kopo la mstari wa kumi na nne nililimimina mwenyewe kwenye gunia pamoja na mpunga mwingine wote wa mstari huo, kwa kuwa kuliweka kungekuwa kukiri kwamba nina shaka. Gunia nikaliandika namba yake, likaenda stoo ya chakula. Mbegu za thelathini na moja zikapanda lori, na kituo kizima kikasimama kuzipungia mkono.

Ikaja Sabasaba. Siku ya wakulima kituo kilipikia wafanyakazi wote na familia zao pilau kwa mbuzi, na wali mweupe kwa maharage kwa wasiokula nyama. Siku hiyo hata mimi nilitoka, maana kutotoka kungezungumzwa. Nikachukua sahani ya wali mweupe, nikakaa kwenye kona karibu na tangi la maji. Nikaona watu wanageuza shingo. Wanawake waliokuwa nje ya ua waliingia bila kualikwa, wakicheka, wakiuliza nani anapika Jirani Njoo. Mzee mmoja wa reli aliacha nyama yake akaenda kwenye sufuria ya wali. Mtu akanipigia kelele, "Bwana Mbegu, leo umetutendea haki!" Nikatabasamu, nikainua kijiko. Nilidhani wananifanyia utani, nikaongeza sahani ya pili, maana wali ulikuwa laini.

Kilichonishtua ni Hamisi. Alikuja kuniegemea begani, amelowa jasho, amefurahi kama bwana harusi. "Huu ndio mpunga wenu mpya, siyo? Nilipofunua sufuria nikamkumbuka marehemu mama."

Mpunga mpya ulikuwa umeondoka wote kwa lori. Niliweka sahani chini. "Umeutoa gunia gani?"

Akanionyesha. Lilikuwa limekunjwa nyuma ya jiko, tupu, lina namba kumi na nne kwa mwandiko wangu.

Wote ulikuwa umekobolewa mashineni siku mbili kabla, na mchele uliokobolewa hauoti. Nililigeuza gunia ndani nje, nikapekua mshono kwa kibano, mbele ya watu waliokuwa wanakula. Nikapata punje tatu zenye maganda. Nilizipanda kwenye kopo chumbani, nikazitazama kila asubuhi. Mbili ziliota, zikarefuka, zikarefuka, zikanipita kiunoni. Zilikuwa punje za mstari mwingine, mrefu, zilizojichanganya kwenye uwanja wa kupuria. Nilikaa kitandani nikalia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Sikumwambia mtu. Msimu ukapita, thelathini na moja ukavunwa vijijini, na mkuu wa kituo akanituma nikauonyeshe katika kijiji kimoja karibu na Dumila. Alikichagua yeye, kwa sababu kipo barabarani. Kumbe ndiko aliko Bi Mwanahawa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshampa kazi ya kuupika, kwa vile alikuwa ametumikia mpunga zamani. Wanawake wengi walikaa kwenye mikeka wakingoja, wanaume wamesimama nyuma.

Alifunua sufuria. Mvuke ulipanda, watu wakasogea. Akainama, akanusa, kisha akanitazama.

"Unanukia, mwanangu," akasema kwa sauti, ili wote wasikie.

Wanawake waliangalia mikeka. Walipakua, wakala kwa adabu, mwenyekiti akasimama akashukuru, akasema ni mpunga wa kujitegemea. Kwa watu wetu mchele mtamu una dalili yake: mwanamke hamalizi kunawa mikono kabla ya kukuomba mbegu, konzi moja tu, aifunge kwenye pembe ya khanga. Nilikuwa na kifuko kizima cha mbegu miguuni. Nilikaa nacho mpaka mkeka wa mwisho ukakunjwa, na hakuna aliyeomba.

Tulipobaki wawili nilimsaidia kubeba vyombo hadi uani kwake.

"Mama, umenisitiri. Haunukii."

"Haunukii," akakubali. "Unashibisha, watu wataula. Lakini haunukii. Ningesemaje, na wewe umesimama pale kama mtoto wa mtihani?"

Nikamweleza yote: fomu, kopo la akiba, gunia, Sabasaba. Alisikiliza huku akisugua sufuria kwa majivu.

"Kwa nini hukunifuata? Kutoka Kilosa mpaka hapa ni basi moja."

"Ningeombea nini ruhusa?"

"Ungesema unakwenda kwa Mwanahawa akakunusie."

"Wangejua, mama."

Aliacha kusugua. "Wajue nini? Nani hakujua? Hamisi alijua. Wapepetaji wote walijua. Ulikuwa unaunguza maharage mpaka sisi tunakohoa kule kwenye uwanja wa kuanikia, na wewe umekaa mlangoni unasoma. Unadhani mimi nilikuja kwenye makopo yako kwa kupenda mvuke? Stefano alinituma. Aliniambia, kamnusie yule kijana, lakini usimwaibishe, atasema mwenyewe akiwa tayari. Tukangoja."

"Miaka yote hiyo?"

"Tulikuwa tunangoja tu, mwanangu," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Kesho yake mchana nilitoka chumbani na sahani yangu nikaenda kwenye benchi la jikoni. Walikuwepo sita au saba, wengi wao vijana wapya. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani kwenye basi, yote yakanipotea. "Mimi sisikii harufu," nikasema. "Tangu utotoni. Mstari wa kumi na nne ndio ulionukia, mimi ndiye niliyeupoteza."

Vijana walitazamana. Hamisi akavuta miguu yake, akanipisha. "Kaa basi," akasema. "Chakula kinapoa."

Nikakaa. Nilimweleza na mkuu wa kituo, akaandika barua ndefu kwenye jalada ambalo sijui liko wapi, akanipa wanusaji watatu kwa orodha rasmi. Nilioanisha upya mara mbili kabla ya kustaafu. Nilipata mifupi, nilipata inayonukia, na wanusaji wangu walikuwa watu waaminifu. Ule wa kumi na nne sikuupata tena. Lakini siku hiyo pale kwenye benchi sikuwa nawaza mpunga. Nilikuwa nimekwisha kulisema lile neno, na lilichukua muda mfupi kuliko kuhudumia ua moja, na kila aliyekuwa na haki ya kulisikia alikuwa ameondoka isipokuwa mpishi. Stefano alikuwa kaburini, Berega, na alingoja mpaka mwisho.